Nondo wa Bridelia au Nondo wa Mforosadi: Yupi Umfuge Ukiwa Magharibi mwa Kenya?

Hariri ya Kakamega inaweza kutoka kwa nondo wawili, na kila mmoja anamdai mfugaji maisha ya aina yake. Wa kwanza ni mwenyeji wa hapa: Anaphe panda, nondo wa mwituni ambaye katika Msitu wa Kakamega huishi kwenye mti wa bridelia (Bridelia micrantha), na ambaye hupatikana pia kwingi katika Afrika ya tropiki. Wa pili ni Bombyx mori, aliyefugwa kwa miaka ipatayo 5,000 tangu Uchina ya kale hata akasahau kuruka, na ambaye lishe yake ni majani ya mforosadi. Vikundi vya wakulima kuanzia Shinyalu hadi Vihiga huwajadili hawa wawili kana kwamba ni mbegu mbili za mahindi, moja ya kukomaa haraka na nyingine ya kuchelewa. Sivyo walivyo. Mmoja ni mfugo wa ndani ya nyumba kama kuku wa gredi. Mwingine ni kiumbe wa porini, na kazi yako kwake ni kumlinda akiwa juu ya mti wake.

Niseme mapema ninapoelekea. Kwa anayetaka fedha za karo ndani ya mwaka huu, na aliye na watu wa kukata majani asubuhi na jioni, mforosadi ndio njia. Kwa anayeishi ukingoni mwa msitu, mwenye mpaka wa shamba uliokaa bure na mapato mengine ya kuendesha nyumba, nondo wa bridelia anastahili kupandiwa miti, na mimi binafsi ndiye ninayempenda zaidi. Ila kupenda hakulipi deni, kwa hiyo tuwatazame wote wawili bila kuficha kitu.

Sura zao

Nondo wa bridelia aliyekomaa ni mzuri wa kutazamwa. Mabawa yake ya mbele ni meupe yenye dalili ya umanjano, na yamepitiwa na mikanda ya kahawia iliyokoza. Mwili umejaa manyoya. Jike ni mkubwa kuliko dume, na ncha ya tumbo lake ina kishungi kinene cha nywele. Kishungi hicho kina kazi. Akitaga, hutumia nywele zake kufunika mayai, hata asiyejua akiona rundo hilo juu ya jani atadhani ni uchafu wa manyoya ulionasa pale, kumbe ni familia nzima. Mtu akikata tawi la bridelia kwa ajili ya kuni bila kulikagua, anaweza kuondoka na kizazi cha mwaka mzima begani.

Viwavi wake wana nywele nyingi na hawatengani tangu kuanguliwa. Hula pamoja, hupumzika pamoja, na wanapohama kutoka tawi hadi tawi hupanga foleni, kichwa cha mmoja kikigusa mkia wa aliyetangulia. Mara nyingi foleni hiyo ndiyo humjulisha mtu kwamba mti una wenyewe.

Nondo wa mforosadi ni mweupe, mnene wa tumbo, na mabawa yake hayambebi. Dume hupapatika kuzunguka jike, wanapandana, jike anataga mayai 300 hadi 500, na maisha yao huishia papo hapo kwenye karatasi bila kuonja chakula. Kiwavi wake huanguliwa akiwa mweusi, mdogo sana, mwenye vinywele. Baada ya kujivua ngozi anakuwa mweupe, laini, na juu ya mkia ana kipembe kidogo kisichochoma. Unaweza kumshika kwa mkono mtupu, na watoto wanaweza kumlisha. Katika hili mforosadi umeshinda waziwazi, na sababu nitaieleza nikifika kwenye habari ya kuwashwa.

Kalenda ya kila mmoja

Swali ambalo kina mama wa vyama huuliza kwanza ni lile la busara: pesa inaingia lini? Jibu limo katika siku ambazo mdudu anazitumia katika kila hatua ya maisha yake, na hapa tofauti ni kubwa mno.

Anza na wa mforosadi. Yai lililotolewa kwenye ubaridi na kuwekwa mahali pa joto la wastani huanguliwa kwa siku 10 hivi. Kiwavi hula kwa siku 25 hadi 30, akijivua ngozi mara 4, yaani anapitia hatua 5 za ukuaji. Kisha huinua kichwa, huacha kula, na kwa muda wa siku 3 hivi hujifungia ndani ya kifukofuko kwa uzi mmoja usiokatika. Ukihesabu tangu kuanguliwa, baada ya wiki 5 hivi unavuna. Ukiwa na majani ya kutosha unaweza kurudia mara kadhaa kwa mwaka, ukipanga upogoaji ili sehemu moja ya shamba ichipuke wakati nyingine inakatwa.

Wa bridelia ana saa nyingine kabisa. Watafiti walioufuatilia mzunguko wake katika Msitu wa Kakamega, kwenye maeneo ya Ikuywa na Isecheno, waliona mayai yakichukua siku 40 hadi 45 kabla ya kuanguliwa. Viwavi walipitia hatua 7, na muda wao ulitegemea hali ya hewa: siku 83 hadi 86 wakati wa kiangazi, siku 112 hadi 118 wakati wa mvua. Pupa, yaani viwavi waliojifungia ili kugeuka nondo, walikaa ndani ya kiota chao cha hariri siku 107 hadi 138 katika kiangazi, na 158 hadi 178 katika mvua. Nondo wenyewe waliishi siku 4 hadi 6 tu, majike kwa kawaida wakidumu muda mrefu kidogo kuliko madume. Jumlisha: ni kati ya miezi 8 na miezi 11 tangu yai hadi nondo anayeruka. Kizazi ni kimoja kwa mwaka, na hakuna mbolea wala lishe ya ziada itakayokupa viwili.

Kuna jambo moja katika hesabu hiyo ambalo mfugaji anapaswa kulielewa vizuri. Waliochelewa kuwa pupa hutumia siku chache zaidi humo ndani na kuwakaribia waliotangulia. Hata hivyo nondo hawatoki wote kwa pamoja. Wanatoka kidogo kidogo kuanzia kama katikati ya Oktoba hadi katikati ya Mei. Kwa mkulima maana yake ni kwamba miti hiyohiyo inaweza kuwa na mayai, viwavi wadogo na viwavi wakubwa katika mwezi mmoja, na kazi ya ulinzi inaenea kwa miezi mingi, ingawa kwa siku moja ni nyepesi. Kwa mforosadi ni kinyume: kazi ni nzito kwa wiki 4, kisha unapumua.

Na uzito huo usiupuuze. Kiwavi wa mforosadi hula zaidi ya robo tatu ya chakula chake chote katika hatua ya 5, ambayo huchukua juma moja tu. Sanduku moja la mayai, ambalo kwa kawaida huwa na mayai yapatayo 20,000, linaweza kumaliza karibu nusu tani ya majani, na sehemu kubwa ya nusu tani hiyo ni ya juma hilo la mwisho. Wakati huo unalisha mara 3 au 4 kwa siku, usiku ukiwemo, na majani yawe mabichi lakini yasiwe na maji ya mvua. Juma hilo likiangukia wakati wa kupalilia mahindi au wa msiba mkubwa kijijini, na hamjapanga zamu, mtawaona viwavi wakiinua vichwa kutafuta chakula kisichokuja. Kikundi cha watu 8 wenye zamu kitafaulu pale ambapo mtu mmoja mwenye bidii atashindwa.

Chagua mti kwanza

Ushauri wangu kwa yeyote anayeniuliza ni huu: mdudu asikusumbue akili kwanza, tazama mti. Ukiwa na mti, mdudu anapatikana. Ukiwa na mdudu bila mti, una juma moja tu la matumaini.

Mforosadi hupandwa kwa vipandikizi, kama mihogo. Unakata fimbo iliyokomaa yenye macho matatu au manne, unaifukia wakati mvua ndefu zinaanza, na ndani ya mwaka unaanza kuvuna majani. Unavumilia kupogolewa mara nyingi, na shamba likitunzwa hudumu miaka mingi. Matunda yake meusi hupaka midomo ya watoto rangi, mabaki ya majani na vijiti huliwa na mbuzi, na mizizi hushika udongo kwenye miteremko ya Vihiga na Nandi. Lakini unataka ardhi yake wenyewe. Katika Vihiga, ambako familia nyingi zina vipande vidogo vya shamba, robo ekari ya mforosadi ni robo ekari iliyonyimwa mahindi, maharagwe au nepia ya ng'ombe. Hilo ni suala la kuamuliwa na nyumba nzima, mzee na mama wakiwa wameketi pamoja, kabla fimbo ya kwanza haijafukiwa.

Bridelia hauhitaji shamba lake. Ni mti wa kienyeji unaopenda kingo za mito na pembe za msitu, hukua upesi, na ukiupanda mpakani au kando ya mto haukubani. Mbao zake ni ngumu na hazishambuliwi kirahisi na mchwa, ndiyo maana umetumika sana kwa nguzo na ujenzi, na ndiyo maana pia umepungua. Matunda yake madogo meusi huvuta ndege. Mbegu hazihifadhiki kwa muda mrefu, kwa hiyo okota matunda yaliyoiva, osha nyama yake, na uzipande zikiwa mbichi. Utangoja miaka michache kabla mti haujawa na majani ya kulisha kundi la viwavi. Ukiwa na miti mikubwa tayari, kama walivyo nayo baadhi ya majirani wa msitu, miaka hiyo umeokoa.

Hapo utaona kwa nini jibu la mtu wa Isecheno haliwezi kuwa la mtu wa Nakuru.

Maadui

Nondo wa bridelia hana ugonjwa mkubwa wa kifugo, lakini kila kitu kilicho nje kinamtaka. Nyigu wadogo hutaga ndani ya mayai yake au ndani ya viwavi. Nzi wa vimelea hufanya hivyo pia: unaona kiwavi mzima wa afya, kumbe amebeba funza wa nzi. Ndege na chungu humaliza waliobaki. Katika mti usio na ulinzi, wengi hufa kabla ya kusuka kiota. Njia iliyojaribiwa Kakamega ni kulivalisha tawi mfuko wa neti tangu viwavi wanapoanguliwa, na kuuhamishia tawi jingine majani yakiisha. Matokeo yake ni bora kwa mbali kuliko kuwaacha wazi.

Ila hapa kuna hatari ambayo watu hawaitaji. Neti iliyo karibu zaidi katika kila boma la magharibi ni chandarua cha mbu, na vyandarua vinavyogawiwa zahanati vimetiwa dawa ya kuua wadudu inayodumu kwa miaka. Usimfunike kiwavi kwa chandarua hicho, hata kikiwa kikuukuu na kimefuliwa mara nyingi. Kitaua. Nunua kitambaa cha neti kisicho na dawa, kile cha kushonea mapazia mepesi, ushone mfuko wenye kamba pande zote mbili.

Tahadhari hiyohiyo inamhusu wa mforosadi, kwa ukali zaidi, kwa kuwa anaishi ndani ya nyumba. Katika maeneo ya Homa Bay na Migori ambako kuta za nyumba zimewahi kupuliziwa dawa ya kuzuia malaria, usiweke rafu za viwavi katika chumba kilichopuliziwa. Usikate majani ya mforosadi ulio kando ya mahindi yaliyonyunyiziwa dawa ya viwavijeshi. Dawa inayoua kiwavi wa mahindi haimchagui mwenzake. Moshi wa tumbaku pia humdhuru. Chungu, panya, mijusi na kuku watakuja wenyewe, na miguu ya rafu ikisimama kwenye makopo ya maji yaliyotiwa mafuta kidogo, chungu hawapandi.

Lakini adui wake halisi ni maradhi. Huyu mdudu amefugwa kwa msongamano kwa maelfu ya miaka, na kuna virusi, bakteria na ukungu vinavyoweza kumaliza trei zote kwa siku chache. Ugonjwa mmoja, unaoitwa pebrini, hupitishwa na mama ndani ya yai. Ulikaribia kuangamiza ufugaji wa hariri wa Ufaransa katika karne ya 19, hadi Louis Pasteur, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1865, alipoonyesha kwamba jike akishataga anaweza kusagwa na kukaguliwa kwa hadubini, na mayai ya mgonjwa yakateketezwa. Njia hiyo bado inatumika. Ndiyo sababu haifai kuomba mayai kwa jirani ambaye vifukofuko vyake vilitoboka. Uyapate kwa mzalishaji anayekagua. Hapa nchini kituo cha utafiti wa hariri cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kiko Thika, na ni mwendo mrefu kutoka Kakamega, basi safari ya mayai yenyewe iwekwe kwenye bajeti. Wa bridelia hakudai safari yoyote. Ukiwa karibu na msitu na mti wako ni mkubwa, nondo anaweza kukujia mwenyewe.

Kuwashwa

Hili liwe wazi kwa kila nyumba yenye watoto. Nywele za viwavi wa Anaphe huwasha vikali. Zikiingia kwenye ngozi huleta vipele, zikiingia machoni au kifuani ni balaa kubwa zaidi, na hubaki ndani ya kiota hata baada ya nondo kutoka. Kushika kiota kunahitaji glavu, mikono mirefu, kitambaa puani, na kazi yenyewe ifanyiwe nje upande upepo unakotoka. Kwa shule inayotaka kuwaonyesha watoto jinsi yai linavyokuwa nondo, chagua mforosadi bila kujadili.

Na kwa kuwa wengi wetu tumekula kumbikumbi tangu utoto na hatuogopi mdudu sahanini, niseme pia kwamba viwavi wa jamii ya Anaphe huliwa katika sehemu fulani za Afrika, lakini nchini Nigeria ulaji wa Anaphe venata umehusishwa na ugonjwa wa kuyumba na kutetemeka, kutokana na kimeng'enya ndani yake kinachoharibu vitamini B1. Kupika kwa kawaida hakukiondoi vyema. Waacheni wasuke. Pupa wa mforosadi, kwa upande wao, baada ya kuchemshwa ni chakula kizuri cha kuku.

Uzi

Wanunuzi wakisema "hariri" kwa kawaida wana picha ya uzi wa mforosadi: mweupe, unaong'aa, mwembamba, usiokatika. Kifukofuko kimoja hutoa uzi wa takriban kilomita moja. Huchovywa katika maji ya moto ili gundi yake ilainike, ncha inatafutwa, na nyuzi za vifukofuko kadhaa huunganishwa pamoja katika mashine ya kuvutia uzi kwa sababu mmoja peke yake ni mwembamba mno. Lakini ili uzi ubaki mzima, pupa aliye ndani lazima auawe kwa mvuke au joto kabla hajatoboa njia ya kutokea. Mfugaji anapaswa kulijua hilo na kuridhika nalo. Pia ajue kwamba mashine ya kuvutia ni ghali kwa kikundi kimoja, hivyo wengi huuza vifukofuko vilivyokaushwa kwa mwenye mashine, na bei inakuwa ya huyo mwenye mashine.

Hariri ya Anaphe haivutiki hivyo. Viwavi makumi, hata mamia, husuka kiota kimoja: ganda la nje la kahawia, gumu kama karatasi nene, na ndani yake kila mmoja akajisukia kifukofuko chake. Nyuzi zimeshikana na kuingiliana. Unakichemsha kiota katika maji yenye magadi na sabuni mpaka gundi itoke, unakiosha, unakikausha, unakichambua kwa vidole, kisha unakisokota kama pamba. Uzi unaotoka ni wa kahawia ya asili, mzito zaidi, una joto mkononi. Wayoruba wa Nigeria wameutumia tangu zamani kufuma sanyan, kitambaa cha heshima cha sherehe, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ni hariri ya daraja la pili. Ni hariri ya aina nyingine, na inauzwa kwa mtu mwingine: mfumaji wa mkono, mbunifu wa mavazi, mtalii anayetaka kujua skafu yake imetoka mti gani.

Na kwa sababu uzi huu husokotwa, tundu halikiharibu kiota. Unaweza kungoja nondo wote watoke, wapandane, watage, kisha ukachukua kiota kitupu. Hakuna aliyekufa, na mwakani mti una wageni tena. Kwangu mimi hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote katika ulinganisho huu. Hata hivyo, hesabu ibaki hesabu: kiota kitupu ni chepesi, kusokota kwa mkono ni kazi ya siku nyingi, na mwenye kutegemea hariri hii pekee atangoja sana.

Kwa wote wawili, mnunuzi atafutwe kabla ya mti. Nimeona vikundi vikianza na semina, vikaendelea na picha, vikaishia na gunia la vifukofuko chini ya kitanda. Mkiwa hamna jina la mtu atakayenunua na kiasi atakachonunua, pandeni miti michache na mngoje.

Msitu una wenyewe

Anayefikiria kuingia msituni na kukusanya viota aache. Upande wa kaskazini, Buyangu na Kisere, ni hifadhi ya taifa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Upande wa Isecheno na Ikuywa uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na wananchi hushiriki kupitia vyama vya jamii vya misitu vilivyo katika Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Muileshi ni kimojawapo. Kuchukua mayai au viota kunahitaji idhini, na kikundi kilicho ndani ya chama hupata njia rahisi kuliko mtu binafsi.

Kakamega ina mfano mzuri wa kufuata. Kikundi cha wakulima cha Muliru kilichukua mmea wa dawa uliokuwa ukikatwa msituni, aina ya mrehani wa kufukuza homa, kikaupanda mashambani na kutengeneza mafuta ya kujipaka yaitwayo Naturub, na mwaka 2010 kikapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Bridelia mpakani mwa shamba ni wazo hilohilo: toa kitu msituni mara moja, kwa ruhusa, kisha kikae kwako.

Kwa mahali ulipo

Shinyalu, Ileho, Malava na vijiji vinavyogusa msitu: bridelia mpakani, na kama kuna ardhi na watu wa zamu, kipande kidogo cha mforosadi cha kuleta fedha wakati miti inakua. Haviingiliani, viwavi wa mmoja hawali mti wa mwingine.

Vihiga na sehemu za Nandi zenye majani chai: mforosadi kwenye miteremko, mbali na dawa za kunyunyizia. Bungoma na Mumias, ambako miwa imewavunja wengi moyo, mforosadi una nafasi kwa kuwa ardhi ipo, mradi mnunuzi awepo.

Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, ni joto. Viwavi watakua upesi lakini majani yananyauka kabla hayajaliwa, kwa hiyo kata kidogo na mara nyingi, na chumba kiwe na madirisha yanayopitisha hewa. Nakuru ni kinyume chake. Mita 1,850 huleta usiku wa baridi, na kiwavi wa mforosadi anapenda joto la nyuzi 23 hadi 28 za Selsiasi. Chumba kitahitaji kupashwa joto, na jiko la makaa halifai ndani ya chumba kilichofungwa, kwa viwavi wala kwa anayewalisha. Nondo wa bridelia simshauri mtu wa Nakuru mjini hata kidogo.

Kuna wengine ambao huenda ukawasikia. Gonometa postica husuka vifukofuko vigumu kwenye migunga ya nchi kavu kama Mwingi. Si wa huku kwetu kwenye mvua nyingi. Nondo wa eri, Samia ricini, ni mgeni kutoka Asia anayekula mbarika, na uzi wake nao husokotwa. Mbarika huota kila mahali, jambo linalovutia, lakini ardhi na soko lake ni mjadala wa siku nyingine.

Ukiamua bridelia, panga mwaka hivi

Kusanya mbegu matunda yakiiva, zipande mara moja, na uhamishe miche mvua ndefu zikianza. Wakati miche inakua, jiunge na chama cha msitu, ujitambulishe kwa afisa, na ujifunze kuutambua mti mkubwa na kundi la mayai kwa macho yako mwenyewe, si kwa picha. Miti ikishakuwa na matawi ya kutosha, peleleza upande wa chini na wa juu wa majani kila juma kuanzia Oktoba. Mayai ya mwanzo wa msimu huchukua siku 40 na zaidi kuanguliwa, kwa hiyo mifuko ya neti isiyo na dawa iwe imeshonwa na kuhesabiwa kabla Novemba haijaisha, miwili kwa kila kundi: mmoja kwenye tawi linaloliwa, mwingine ukingoja kwenye tawi la kuhamia.